Kuhusu swali lenu la Exetat

Mmeuliza kama asilimia ya Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari hapa Kongo, inatosha kumfungulia kijana mlango wa chuo kikuu. Mimi nitawazungumzia wanaokaa kwenye meza ya kuandikisha, maana huko ndiko roho iliponiuma.

Mtihani wenyewe hapa Lubumbashi nani asiyeujua? Upo tangu 1967. Siku nne za kuchagua majibu, na ukifikisha 50% unamwagiwa poda kichwani, mtaa mzima wa Katuba unapiga vigelegele. Lakini siku nne si miaka sita ya sekondari.

Mdogo wangu wa kike alisoma Biolojia-Kemia. Wiki ya mtihani malaria ilimshika, akapata 54. Nikamsindikiza kuomba nafasi ya udaktari katika chuo kimoja. Buletini zake zote, karatasi za maksi za shule, alizipanga kwenye farde, jalada la bluu, kwa mwaka, na za kemia akaziweka juu ili zionekane kwanza. Karani hakuifungua. Aliisukuma kando kwa kitako cha kalamu.

“Asilimia ngapi?”

“Hamsini na nne, papa.”

“Hapa tunaanzia sitini.”

Akaomba aulizwe swali la kemia, lolote, ajibu palepale kwa mdomo. Sauti ilikuwa inamtetemeka lakini aliomba. Karani akaangalia nyuma yake: “Anayefuata.” Farde nikaichukua mimi, yeye hakuweza.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema Exetat ifutwe. Ila huyo aliyefuata ananizuia. Alikuwa kijana na baba yake, wana barua ndani ya bahasha. Karani alisimama kuwapokea, akaisoma barua, akaandika jina. Asilimia hakuuliza.

Sasa tukiufuta mtihani, mtoto wa Katuba asiye na mtu wa kumwandikia barua atashika nini mkononi? Namba yake angalau ni yake, na baba yeyote anaweza kuilinganisha na ya mwingine. Kwa hiyo nasema ubaki, na fakilti ya udaktari iongeze mtihani wake wa kuingilia, majina yakiwa yamefichwa, aliyepata 54 naye akaribishwe kuufanya. Lakini pale wazazi wanapochangishwa pesa za “kuwapokea” wasimamizi wa mtihani, hata neno langu hili nalitoa kwa shingo upande.