Mdogo wangu hajui hata wagombea, nimsukume akapige kura?

SWALI: Shikamoo dada. Mdogo wangu ana miaka 22, jina lake limo kwenye daftari la wapiga kura ila siasa hataki hata kuzisikia, wagombea anamjua mmoja tu tena kwa sababu ya mabango. Mimi namwambia akapige kura, rafiki yangu ananiambia niachane naye, eti kura ya mtu asiyejua kitu inaifuta ya yule aliyekaa akafuatilia. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Msukume, ila anza leo, usisubiri asubuhi ya uchaguzi ndo umtoe kitandani.

Rafiki yako ana hoja, tusimpuuze. Mtu asiyemjua mgombea hata mmoja akishapewa karatasi anatafuta pa kushika, na wengine wanashika jina la juu basi. Australia wanalijua sana hili, kule kupiga kura ni lazima tangu 1924, ukikosa uchaguzi wa taifa bila sababu ya maana faini ni dola 20 za kwao, na kwa vile mpiga kura anawapanga wagombea kwa namba wapo wanaoandika 1, 2, 3 kutoka juu mpaka chini bila kusoma, wenyewe wanaiita kura ya punda, ndo maana nani akae juu kwenye karatasi siku hizi inaamuliwa kwa bahati nasibu. Lakini hapohapo Australia, mwaka 1922 waliojitokeza hawakufika 60 kwa kila 100 walioandikishwa, 1925 wakapita 91. Mimi siamini hata kidogo kwamba wote walioongezeka pale walikuwa hawajui wanachofanya.

Kinachonitisha kwenye maneno ya rafiki yako ni hiki: ukisema wasiojua wakae nyumbani, nani anapima kujua? Marekani walijaribu. Mississippi mtu akienda kujiandikisha aliambiwa aeleze maana ya kifungu cha katiba ya jimbo, na karani aliyekaa mezani ndo anachagua kifungu, na karani huyohuyo ndo anasema umefaulu au umefeli, kwa hiyo mweupe alipewa mstari mwepesi na mweusi, hata awe mwalimu, alipewa kifungu kinachowashinda mawakili. Ilibidi ije sheria ya 1965 ndo ule mchezo ukaanza kukatwa. Sasa mtu akiniambia kura ni ya wenye uelewa tu, mimi nauliza karani ni nani.

Halafu huyo mdogo wako si kwamba hajui kitu. Anajua nauli imepanda, anajua amesaka kazi mpaka akachoka, anajua zahanati akienda dawa hakuna. Asichojua ni nani kati ya wanaoomba kura anahusika na lipi, diwani na mbunge kwake ni kitu kimoja, na hilo mbona linafundishika jioni moja! Mwulize kinachomkera zaidi ni nini, halafu tafuteni pamoja nani ana mamlaka nacho na aliyekuwepo alifanya nini. Usimwambie amchague nani, hata akikuomba, maana hapo utakuwa unapiga kura mbili.

Na mwambie hili ambalo wengi hawaambiwi: kwenye nchi nyingi si lazima ujaze kila kitu. Kama nafasi ya mbunge ameielewa na nyingine hajaielewa, apige ya mbunge, karatasi nyingine aitumbukize tupu, haihesabiwi kwa mtu yeyote na haiharibu ile aliyopiga. Hiyo ni bora mara mia kuliko kubahatisha.

Akigoma baada ya yote hayo mwache, usigombane naye, kutokupiga nako ni haki yake pale ambapo sheria haimlazimishi. Uchaguzi ujao muulize tena.