Daftari la kurasa nne

Mhariri, wiki iliyopita mliuliza: gazeti likifungiwa, nani anaumia zaidi? Wengi watawataja wahariri. Mimi ni mkulima wa korosho Tandahimba, mkoani Mtwara, na nasema tunaoumia zaidi ni sisi ambao habari zetu haziandikwi kabisa, kwa kuwa mwandishi keshaona wenzake wanavyofanywa.

Msimu wa 2018 Serikali iliwaweka kando wafanyabiashara, ikatangaza itanunua korosho zote kwa Sh3,300 kwa kilo, na wanajeshi wakaja kuzisomba. Tulishangilia, sitasema uongo. Kisha ukaja uhakiki wa kuwabaini kangomba, yaani walanguzi wanaonunua korosho kwa wakulima kinyemela kwa bei ya chini, malipo ya wengi yakakwama. Nikachukua daftari la shule la mwanangu, nikapita nyumba kwa nyumba: jina, kilo alizopeleka ghalani, tarehe, kalipwa au bado. Kurasa nne zikajaa. Mama mmoja mjane akaniomba niandike na deni lake la salfa, maana alikopa ya kupulizia mikorosho na mwenye duka alikuwa hamwachi apumue.

Nikampelekea mwandishi mmoja mjini. Akasoma taratibu, akanakili majina mawili, halafu akaifunika kalamu yake. "Mzee wangu, hesabu hii nikiitoa, nitakuwa mgeni wa nani?"

Siku ile sikumwelewa. Kumbe Septemba ya mwaka huohuo Sheria ya Takwimu ilikuwa imerekebishwa: ukitangaza takwimu kwa nia ya kupotosha au kubatilisha zile rasmi, faini isiyopungua Sh10 milioni au kifungo kisichopungua miaka mitatu. Sasa nani angepima nia yetu, mimi na daftari langu? Na yule mwandishi analipwa kwa kila habari inayotoka, hana ofisi ya kumwekea wakili. Simlaumu hata kidogo.

Adhabu hiyo ilikuja kuondolewa 2019. Februari 2022 magazeti yaliyokuwa yamefungiwa, Mawio, MwanaHALISI, Mseto na Tanzania Daima, yakarudishiwa leseni, na nilifurahi sana, maana MwanaHALISI nilikuwa nikilisubiri stendi hadi basi la Dar es Salaam lifike. Leseni inarudishwa. Ile habari yetu ya msimu ule haikurudi popote.

Yule mama aliweka rehani mikorosho yake minane kabla fedha hazijaingia. Daftari bado ninalo, na jina lake liko ukurasa wa tatu.