Sanduku la njumu na bakuli za bibi

Pole kwa msiba, dada. Umeuliza kama sanduku la njumu, lile lenye mapambo ya shaba, na bakuli za maua alizoacha bibi yako huko mtaa wa Kuze, Mombasa, vina thamani. Usiuze bado! Geuza bakuli, tazama kitako. Ukiona sphinx, yule simba mwenye kichwa cha mtu, na jina Petrus Regout, zimetoka Maastricht, Uholanzi. Zilipendwa sana pwani yetu. Pitisha ukucha ukingoni, maana ufa hushusha bei. Na njumu, chonde, usizisugue ziwake: ule weusi wa shaba ndio umri wake. Kalinganishe na vyombo vya makumbusho ya Fort Jesus, kisha uliza bei kwa wauzaji watatu Mji wa Kale. Sanduku lenyewe, mimi ningebaki nalo.