Mwanangu, maila si mtu wa masafa marefu

Binti yangu mpendwa,

Huku Karatu hatujambo. Mvua imenyesha juzi na mama yako ameshamaliza kupanda maharage. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili nikiwa nacheka, unisamehe. Unasema ulipewa taarifa ya michezo ya Kiingereza uitafsiri, Filbert Bayi, mwanariadha wetu wa Tanzania, ametajwa humo kama maila (miler) mkubwa wa zama zake, wewe ukasoma hewani "mkimbiaji mkubwa wa masafa marefu". Kabla hujavua vipokea sauti, mzee mmoja akawa ameshapiga simu studio kukukaripia. Sasa unauliza: maila ni nani hasa, na kwa Kiswahili tumwiteje?

Huyo mzee simjui, lakini niko upande wake. Bayi ni mtoto wa huku kwetu. Kumwita mtu wa masafa marefu ni kama kumtangaza golikipa kwamba ndiye mpachika mabao.

Maila ni mkimbiaji wa maili moja. Moja tu, mwanangu. Nadhani kilichokuponza ni Kiswahili chetu wenyewe, maana neno maili halina umoja wala wingi: maili moja, maili ishirini, neno ni lile lile. Ukisema "mkimbiaji wa maili" msikilizaji anaweza kumwona mtu anayetoka hapa hadi Mto wa Mbu kwa miguu. Mwingereza akisema maila, anajua ni mtu wa dakika nne hivi, basi.

Maili yenyewe ni mita 1,609 na ushei. Kwenye uwanja wa mita 400 ni mizunguko minne na mita tisa za nyongeza, ndiyo maana utawaona wamepangwa nyuma kidogo ya mstari wa kumalizia. Olimpiki hawakimbii maili, wanakimbia mita 1,500, yaani mizunguko mitatu na robo tatu. Na hapa ndipo neno linapotanuka. Bingwa wa mita 1,500 naye huitwa maila, hata kama mwaka mzima hakuigusa maili. Kipchoge Keino wa Kenya alichukua dhahabu ya mita 1,500 Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akimwacha mbali Mmarekani Jim Ryun, aliyekuwa na rekodi ya dunia, na wote wawili Kiingereza kinawaita maila. Marekani ndiyo usiseme: vijana wa sekondari wanakimbia mita 1,600, mizunguko minne kamili, na bado wanaiita maili. Vyuo vikuu vyao vikishindania ubingwa ndani ya ukumbi hukimbia maili, nje hukimbia mita 1,500, na mwanafunzi ni maila kote kote. (Hata farasi huitwa hivyo kule Uingereza, akiwa hodari wa maili moja. Siku ukikutana na maila mwenye miguu minne usiniandikie tena.)

Lakini neno halibebi umbali peke yake, linabeba na aina ya mtu. Nimefundisha riadha shule za msingi miaka mingi, viwanja tulivichora kwa majivu, saa ya kupimia ni moja na kitufe chake kinakwama. Mzunguko wa kwanza watoto wote ni mabingwa. Wa pili, mwenye papara anaanza kurusha mikono. Mimi nilikuwa nasimama kwenye kona ya mbali kusubiri mzunguko wa tatu, kwa sababu pale shangwe za wenzao hazifiki na kengele ya mzunguko wa mwisho bado haijagongwa. Mtoto wa mita 400 akifika hapo miguu imeshakuwa magogo. Mtoto wa mita 5,000 anapumua vizuri tu, ila ukimwambia aongeze mwendo hana cha kuongeza. Mara moja moja anapita mmoja uso umekunjamana, mabega yametulia, na kengele ikilia anachomoka. Huyo nilimwandika pembeni ya daftari. Alikuwa maila, ingawa mimi wakati huo sikuwa na jina la kumpa.

Bayi alikuwa na mbinu yake. Wengi husubiri mita 200 za mwisho, yeye alitoka na mbio tangu mlio wa bastola na kuwaambia wenzake wamfuate kama wanaweza. Christchurch, Februari 1974, Michezo ya Jumuiya ya Madola, aliongoza mita 1,500 mwanzo hadi mwisho. John Walker wa New Zealand alimfukuza hadi utepe asimpate: 3:32.16, rekodi ya dunia. Halafu tarehe 17 Mei 1975, Kingston, Jamaika, akaivunja ya maili yenyewe kwa 3:51.0, sehemu ya kumi tu ya sekunde chini ya ile ya Ryun. Nilikuwa darasa la sita. Wiki ile nzima hakuna mtoto aliyetembea kwenda kisimani. Rekodi hiyo haikumaliza hata miezi mitatu, Walker akaichukua Agosti kwa 3:49.4, na Olimpiki ya Montreal 1976 walipotazamiwa kukutana, nchi nyingi za Afrika zikasusia, na yetu ikiwemo. Hilo bado linaniuma.

Utakutana pia na maneno ya "maila wa chini ya nne". Hiyo ni habari ya Mwingereza Roger Bannister, Oxford, Mei 1954, 3:59.4, wenzake wawili wakitangulia mbele kumvutia kasi. Usitafsiri neno kwa neno, itasikika kama mtu aliyeshika nafasi ya tano. Sema "aliyekimbia maili moja chini ya dakika nne". Kwa wanawake mpaka huo bado haujavukwa: rekodi ni 4:07.64 ya Faith Kipyegon wa Kenya, Monaco 2023. Alipojaribu tena Paris mwaka 2025, akizungukwa na wavuta kasi wa kumkinga upepo, alipata dakika nne na sekunde sita na ushei, muda ambao kwa msaada ule haukuweza kuwa rekodi.

Sasa kazi yako. Kama habari ni ya maili, andika "mkimbiaji wa maili moja", na hilo "moja" usilidondoshe. Kama mtu ni wa Olimpiki, "mkimbiaji wa mita 1,500" inatosha. Ukitaka la jumla, "masafa ya kati", lakini kumbuka hilo linabeba na watu wa mita 800. "Maila" lenyewe ningelitumia kwenye mazungumzo ya studio na mtu wa riadha, si kwenye taarifa ya saa mbili.

Yule mzee akipiga tena, mwambie Bayi alikuwa mkimbiaji wa maili moja na mita 1,500. Akiuliza nani kakufundisha, mpe namba yangu.

Babako