Mwanangu, kuhusu panya na hilo jengine

Wete, Pemba

Mwanangu,

Wa alaykum salaam. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili pamoja na baba yako. Umeuliza mambo mawili kwa pumzi moja: kwa nini nimemwachia panya nyumba, na kama siku moja Zanzibar itapigiwa kura ya kujitenga na Bara, mimi ningetia tiki wapi. Naandika kwa sababu kwenye simu huniachi nikamaliza.

La panya ndilo jepesi. Kaingia masika, nadhani ndani ya gunia la mchele. Si buku, ni kipanya, hafiki dole gumba la baba yako. Usiku wa kwanza nilimsikia akikwaruza nyuma ya kabati nikadhani mende. Asubuhi nikakuta kinyesi chake kama chembe za habasoda kando ya kawa. Baba yako akataka sumu. Nilikataa, wala si kwa huruma. Unakumbuka yule aliyekula sumu akaenda kufia darini, na sisi tuna wageni wa hitima? Paka wa jirani tuliazima, akala dagaa wangu akalala. Basi unga na mchele nimevihamishia kwenye ndoo zenye vifuniko, tundu la chini ya sinki nimeliziba kwa stilwaya ya kusugulia masufuria. Panya akikosa chakula huhama mwenyewe. Huyu bado anafikiria.

Baba yako anamwita mvamizi. Nikamwambia, pale Unguja Ukuu wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta mifupa ya panya weusi, jamaa zake huyu, waliokuja na vyombo kutoka Asia zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Mikarafuu yetu tunayojivunia imefika karne ya 19. Kwa hesabu hiyo, mgeni nani? Alinyamaza, akaenda kutafuta fagio.

Sasa hilo jengine.

Aprili 1964 mimi nilikuwa na miaka mitano. Tarehe 22 Mzee Karume na Mwalimu Nyerere walitia saini, tarehe 26 tukawa nchi moja. Babu yako alizisikia habari hizo kama wewe unavyosikia matokeo ya mpira. Mambo ya Muungano yalikuwa 11, leo kwenye Katiba yameorodheshwa 22, na mimi sikumbuki mtu kuja barazani kwetu kutuuliza hata moja. Usicheke, simfananishi Mwalimu na panya. Nasema tu kwamba hodi ina raha yake.

Hasira za vijana wenzako nazielewa. Ile televisheni uliyonunua mjini Unguja ukalipishwa tena bandarini Dar, nani hajakasirika? Lakini duka lako liko Kariakoo, mwanangu, na mkeo ni wa Tanga. Siku nikifa, aje kunizika kwa pasipoti?

Halafu tazama jirani zetu wa visiwa vya Komoro. Mwaka 1997 kisiwa cha Nzuwani kilijitenga na Komoro, na kisiwa cha Mwali kikafuata. Nzuwani wakaomba kurudi kwa Mfaransa, Mfaransa akawakataa! Machi 2008 majeshi ya Umoja wa Afrika yakateremka kisiwani, na wanajeshi wa Tanzania wamo. Mwaka huohuo wa 2008, huku kwetu, baadhi ya wazee wa Pemba walipeleka barua Umoja wa Mataifa wakitaka Pemba ijitenge na Unguja. Mimi nilishtuka, kisha nikaona hesabu yao: karafuu nyingi zinatoka huku, barabara na hospitali za maana ziko kule. Kila ukikata kipande, ndani ya kipande mna mtu mwenye malalamiko yaleyale. Tukishajitenga Pemba, Micheweni watasemaje juu ya Chake?

Kwa hiyo ningetia tiki ya kubaki. Ila si kwa moyo mweupe. Mimi nilikuwa upande wa serikali tatu za rasimu ya katiba mpya ya Jaji Warioba, Zanzibar na Tanganyika kila mmoja na yake, na moja ya juu nyembamba. Bunge la Katiba mwaka 2014 likarudi kwenye mbili. Nikasema sawa, tutajibu kwenye kura ya maoni. Ikapangwa Aprili 2015, ikaahirishwa, na kidole changu kinangoja wino mpaka leo.

Mara moja tu nimeulizwa kitu cha maana: tarehe 31 Julai 2010, kama tunataka serikali ya umoja wa kitaifa, vyama hasimu vya Zanzibar viongoze pamoja. Na ilikuwa baada ya Januari 2001, watu wa huku walipouawa kwenye maandamano na wengine wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Nilipanga foleni tangu alfajiri, nimevaa buibui jipya kama naenda harusini. Asilimia 66.4 tulisema ndiyo. Hata wale jirani waliosema hapana, jioni tulikunywa nao kahawa. Hiyo ndiyo ninayoitaka mimi, kuliko kujitenga.

Ukija Idi niletee mtego kutoka hapo Kariakoo. Chukua ule wa kizimba; wa kubana shingo nimemkataza baba yako. Na mkeo aje, nimemwekea pweza.

Mama yako