Mawaridi yamedumaa, nyungunyungu wametoweka
Pole, ndugu. Miaka sita ya kupulizia mawaridi dawa ya ukungu yenye shaba, hapo Naivasha, si michache. Shaba haiozi, kila ukipulizia, nyingine hubaki kwenye udongo wa juu, na nyungunyungu huumia mapema.

Mimi nilikimbilia kuongeza mbolea, nikapoteza pesa bure. Anza na kipimo: peleka udongo maabara ya KALRO (shirika la utafiti wa kilimo na mifugo), Kabete, waangalie shaba na asidi. Kabla ya majibu, acha dawa hiyo, weka mboji iliyoiva, na majani yenye ukungu uyakate uyatoe shambani.

Udongo ukiwa na asidi, chokaa hupunguza makali ya shaba. Kiasi akupangie afisa wa kilimo. Chokaa ikizidi, majani yatageuka manjano.