Akianza Dawa ya Bombo, Nenda Naye

Hapa Tanga kijana akivuta sigara barazani, wazee watamkaripia, yakaisha. Akinywa mnazi watasema ujana, ataacha. Akigusa unga, yaani heroini, nyumba nzima inanyamaza, na jirani akimuulizia anaambiwa kasafiri. Wanaogopa posa za dada zake zitaharibika. Wakati huo mtoto yuko kijiweni mtaa wa pili, anakonda.

Ninasema haya kama dada wa mtu aliyetumia heroini kwa miaka, na sasa yuko kwenye methadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha heroini, pale Hospitali ya Bombo. Dawa hii ilianza kutolewa nchini mwaka 2011, Muhimbili, ndipo baadaye ikafika mikoani. Mpaka leo nakutana na kina mama wa Ngamiani wanaoamini kuwa ni ulevi mwingine, tofauti yake unagawiwa na serikali. Jamani, sivyo. Unga hauchukui saa nyingi, arosto inarudi: kamasi, miayo, tumbo kukata, mifupa kuuma. Hapo ndipo sufuria na simu za nyumbani zinapopotea. Methadoni ni ya kunywa, mara moja kwa siku. Inashikilia mwilini siku nzima na zaidi, na kipimo kikikaa sawa haimpi zile stimu. Anapata nafasi ya kuwaza kazi.

Kinachowashinda wengi ni wiki za mwanzo. Dozi huanzia chini, kisha hupandishwa taratibu, maana ikianza kubwa inaweza kumkata pumzi. Kwa hiyo alfajiri bado atatetemeka, usiku hatalala, na nyumbani wataanza kusema dawa yenyewe haifanyi kazi. Wengi hurudi kijiweni wakati huo. Mdogo wangu nilikuwa namhimiza anywe uji kwanza, kisha tunatoka pamoja, nauli nimeishika mimi. Dirishani muuguzi anampimia, anakunywa mbele yake, anashushia maji, halafu anasemeshwa maneno mawili matatu ionekane kameza. Ukimsindikiza usisimame kando kama humjui. Wasalimie na wenzake kwenye foleni. Wengine hawajasalimiwa na mtu wa kwao siku nyingi.

Pombe, iwe gongo au bia, na vidonge vya usingizi juu ya methadoni vinaua. Mtu analala, pumzi inapungua mpaka inakatika. Na aliyekaa muda bila unga, labda ametoka jela au kwenye nyumba ya kuacha dawa, akirudia kipimo chake cha zamani anaweza kufa siku hiyohiyo, kwa sababu mwili haukihimili tena. Ukimkuta anakoroma kwa shida, midomo imegeuka rangi na haamki, mlazeni ubavu mumkimbize hospitali. Msimnyweshe maziwa wala maji ya chumvi, atapaliwa.

Akiteleza akarudia, msimfukuze. Arudi kliniki aseme ukweli. Akikosa dozi siku kadhaa hapewi ileile aliyoachia, wanamwangalia upya, na akificha anajihatarisha mwenyewe.

Kama hujui pa kuanzia, piga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Au nenda Bombo moja kwa moja, ulizia kliniki ya methadoni na utaratibu wa kuandikishwa. Nenda asubuhi, na uende naye.